Tulivyompeleka Mpiga Makasia kwa Mjomba Wake

Wenzangu wa darsa ya Alhamisi,

Tangu nirudi hapa Mikindani sijamaliza kikombe kimoja cha chai bila mmoja wenu kunishika mkono: "Haya Mwalimu, mlifika? Alisema nini?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa nasikia vipande vimeshonwa ovyo. Kuna anayesema nilizama mtoni. Sikuzama. Basi naandika mara moja, kwa kumshukuru Mola aliyeipeleka na kuirudisha mifupa hii yenye miaka sabini na miwili. Someni, mpeane, mniache ninywe chai.

Wengine mmehamia juzi na Somoe hamumjui. Ni binti wa marehemu kaka yangu. Mama yake, wifi yangu Fatu, ni Mmakonde wa bonde la Ruvuma. Somoe alisoma shule ya msingi hapa hapa Mikindani, na Kurani aliisoma kwangu, kwenye mkeka ule ule mnaoukalia ninyi. Kila likizo ikifika alikwenda Mahurunga kwa mjomba wake Athumani, aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi kwenda mashamba ya mpunga. Huko ndiko alikojifunza kupiga kafi. Akirudi hapa, viganja vilikuwa na sugu kama vya mpasua kuni, na mimi nikilalamika kwamba vidole vile vitachana kurasa za msahafu.

Kutoka kwenye kafi la mjomba aliingia mashindano ya shule, kisha akachukuliwa kambini Dar es Salaam, kisha ng'ambo, akafundishwa mashua nyembamba za makasia mawili. Mwisho akafika Olimpiki, mara mbili. Sasa mgongo umechoka, ameacha. Kuna mwalimu wa Lindi anataka kumposa, na wazee wa mwalimu huyo walikwishatuma salamu.

Hapo ndipo penye mkwamo. Kisheria walii wa kumwozesha yupo, mdogo wake marehemu kaka yangu. Lakini kwa watu wa mama yake, posa isiyopokelewa na mjomba ni kama swala bila udhu. Na Mjomba Athumani hakuwa amesema neno na Somoe kwa miaka minane, tangu ile Olimpiki ya kwanza. Kila alipopigiwa simu aliwapa wengine waongee. Somoe aliniambia, "Shangazi, siolewi kwa wizi. Mjomba akinipa radhi, sawa. Asiponipa, wale wazee wa Lindi wasisumbuke." Na mtu haendi kuomba radhi peke yake. Huenda na mtu mzima wa kumsemea. Mtu mzima mwenyewe ndiye mimi.

Mikindani hadi Shangani

Kipande hiki ni kifupi, lakini kilituchukua siku tatu. Shomari, kijana wa jirani yangu, alitupakia katika pikapu yake hadi Mtwara mjini, na tulipofika Shangani kwa binamu yangu tukaambiwa mvua za mwisho zimekata barabara. Tukakaa kusubiri. Mimi subira naipenda, imenilea. Somoe alikuwa kama kuku aliyefungwa mguu.

Jioni tulitembea ufukweni. Nilimwonyesha mahali marehemu baba yake aliponinunulia muwa wa kwanza nilipokuja mjini, na nyumba ambayo bibi yetu alikaa, akiongea ile lugha ya zamani ya pwani yetu ambayo leo sina wa kuijibu. Nilipokuwa namweleza hayo, bwana mmoja aliyekuwa akinyoosha miguu na mkewe alisimama.

"Samahani dada. Wewe si yule wa kwenye maji?"

"Ndiye."

"Tulikutazama! Ulikuwa wa ngapi vile?"

"Mara ya kwanza wa mwisho," Somoe akasema. "Mara ya pili nilimpita mmoja."

"Basi uliona migongo ya wenzako mpaka ukaichoka!"

Mkewe akamvuta shati. Somoe akacheka. "Hapana, kaka. Sisi tunakaa tumeupa mgongo mwisho wa mbio. Wa kwanza ndiye anayewaona wote. Wa mwisho haoni mtu, anaona maji aliyoyapita tu."

Bwana yule akatutakia usiku mwema kabla jua halijazama.  Nilikuwa nimeona mbio zile kwenye televisheni ya jirani, na Mungu anisamehe, sikuwa nimetazama jinsi alivyokaa. Nilitazama nguo. Nguo ile ya kubana, mikono wazi, mapaja wazi. Nililia siku ile. Na Mjomba Athumani aliponyamaza baada ya mbio zile zile, sikuhitaji kuuliza sababu. Nilijua ni nguo.

Kwa hiyo siku tatu za Shangani nilizitumia kutunga maneno. Nitaanza na rehema, niingie kwenye dharura, nimalizie na toba. Nilikuwa na aya zangu na hadithi zangu zimepangwa kama mitungi kisimani.

Shangani hadi Nanyamba

Kwenda Mahurunga hakuhitaji kupitia Nanyamba. Lakini Fatu anaishi Nanyamba, na huwezi kwenda kwa kaka mtu bila dada mtu kukutuma. Shomari hakuelewa.

"Bi Mwalimu, yaani tunazunguka bara kote huko kuchukua ruhusa?"

"Tunakwenda kuchukua salamu."

"Salamu si zipo kwenye simu?"

"Salamu ya simu haiingii ndani ya nyumba, mwanangu. Inaishia mlangoni."

Akawasha gari akicheka peke yake.

Baada ya mikorosho kuanza kufuatana pande zote mbili, tulizama kwenye tope hadi ekseli. Tulikaa hapo saa nyingi. Nilishuka nikaswali adhuhuri kwenye majani, nikarudi, hali ile ile. Wakaja akina mama wanne wakitoka shambani, mizigo kichwani, wakatua mizigo bila kuulizwa.

"Wanaume wenu wako wapi?" mmoja akauliza.

"Huyu hapa," nikasema, nikimwonyesha Shomari.

"Huyu? Huyu mwembamba atabaki topeni, gari litoke!"

Somoe alikwisha kukunja suruali chini ya baibui. Aliegemeza mgongo kwenye bodi, akakita miguu, akasukuma kinyumenyume. Gari lilinyanyuka kama limeitwa. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Miguu gani hii, dada? Unakula nini?"

"Umeolewa?"

"Bado."

"Atakayekuoa asikukosee!"

Walitufungulia kapu moja wakatupa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, bado ina joto la sufuria. Ninyi mnaojua ming'oko mnajua. Utamu wake haujionyeshi mpaka umemeza. Nilipokuwa msichana, bibi yangu akitoka safari za bara alikuja nayo kwenye kapu la ukindu. Sikuwa nimeila kwa miaka mingi. Nilikula nikiwa nimesimama, jambo ninalowakataza wanafunzi.

Fatu alitupokea magharibi kwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Amenyauka, wifi yangu, lakini ulimi bado kijana.

"Wifi, unakuja kuniona baada ya miaka mitatu, tena kwa sababu una shida na kaka yangu!"

"Na wewe mguu wako Mikindani umekatika?"

"Mikindani kuna nini? Madirisha ya zamani na wifi mkali!"

Tulicheka mpaka Somoe akatushangaa. Kisha nikamuuliza kama anajua kilichomkasirisha Athumani.

"Sijui," akasema. "Hajawahi kuniambia. Mwanamume wa kwetu akiudhika hunyamaza mpaka umfuate. Nyie hamkumfuata. Miaka minane mmetuma simu."

Hilo liliniingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Fatu akatupa kuku, akatupa kibaba cha unga, akatupa na sharti moja: tusitamke jambo letu kabla ya kula.

Nanyamba hadi Mahurunga

Njia inashuka bondeni kidogo kidogo, na hewa inabadilika. Inakuwa nzito, yenye harufu ya matope na mpunga uliokomaa. Somoe alikaa mbele safari hii, akawa anahesabu vijiji kwa kidole gotini kama alivyokuwa akihesabu alipokuwa mtoto.

Tulisimama kwenye duka moja kununua maji. Mwenye duka, mzee wa makamo, aliambiwa na Shomari, ambaye hawezi kukaa na habari, kwamba huyu dada ametoka Olimpiki.

"Olimpiki," akasema mzee kwa adabu. "Ulikaa huko muda gani?"

"Wiki tatu, baba."

"Na wanalima nini?"

Shomari akaanza kutetemeka mabega. Somoe akamkanyaga. "Hawalimi, baba. Ni mashindano. Watu wa nchi zote wanakusanyika."

"Hawalimi! Watu wa nchi zote na hawalimi!" Akatuongezea chupa moja ya maji bure. "Poleni sana. Karibuni nyumbani."

Tulipopanda gari Somoe alicheka hadi machozi, na nikaona kwamba machozi hayakuwa yote ya kucheka. Akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza ng'ambo alikuwa akipiga makasia alfajiri kwenye ukungu wa baridi, vidole havisikii, na ili asilie alikuwa akiita kimoyomoyo majina ya vijiji hivi kwa mpangilio, kutoka Nanyamba hadi mtoni. "Nikikosea mpangilio naanza upya, Shangazi. Hadi kocha anasema basi." Kocha alidhani anaomba dua.

"Ilikuwa dua," nikamwambia.

Mahurunga

Tulimkuta Mjomba Athumani uani, anakaza kamba ya kitanda. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza hali ya Mikindani nyumba kwa nyumba. Somoe akapiga magoti.

"Shikamoo, Mjomba."

Akaendelea kuniuliza mimi kuhusu mvua.

Somoe alibaki magotini kitambo, kisha akainuka akaenda jikoni kusaidia. Nilimwona Shomari akiangalia chini. Hata yeye hakuwa na utani.

Tulikula wali wa mchele mpya na samaki wa mtoni. Mchele ule unanukia kabla hujafunuliwa. Tuliponawa mikono nilijua zamu yangu imefika. Nikamshukuru Mungu, nikamtaja marehemu kaka yangu, nikaeleza posa ya Lindi, nikaingia kwenye rehema. Nikaeleza kwamba binadamu hupatwa na dharura, kwamba mavazi yale yalikuwa ni ya kazi na si ya matembezi, kwamba binti ameyaacha, kwamba mlango wa toba...

"Shemeji," akanikatiza. "Mavazi gani?"

"Yale ya mashindano. Uliyoyaona."

"Shemeji, mimi nimevusha watu miaka arubaini. Mtu wa majini anavaa kinachokauka upesi. Nani amekwambia habari ya mavazi?"

Mitungi yangu yote ilivunjika pale pale. 

"Basi ni kwa sababu tulimpeleka bila kukuuliza," nikasema. "Hilo ni kosa langu mimi. Nilijiona mwenye mtoto peke yangu. Nisamehe."

"Hilo ni kosa," akasema, "nami nimekusamehe leo, kwa kuwa umekuja. Lakini ungeniuliza ningesema aende. Sikunyamaza kwa hilo."

Akageuka, kwa mara ya kwanza, akaelekeza uso upande alikokaa Somoe. Maneno bado aliyapitishia kwangu.

"Waliniletea simu pale kivukoni, nikamwona. Wenzangu wamejaa: 'Athumani, mpwa wako huyo!' Nikatazama. Nikaona amekaa ameyapa maji mgongo. Anakwenda kwa nguvu zote, Shemeji, kwa nguvu zote, na haoni anakokwenda! Kitu cha kwanza nilichomfundisha, kabla hajajua kushika kafi, ni uso mbele. Alifani, mwenzangu, aligeuka mara moja tu kumwita abiria. Mara moja. Kiboko akaibuka mbele yake. Huyu hapa alikuwa na miaka tisa, alikuwapo ukingoni, alimwona Alifani akitolewa." Akaonyesha kwa mkono upande wa mto. "Sasa nikimpigia simu nimwambie nini? Kila siku nikishika kafi naona kichogo chake kinakwenda, na mbele yake kuna kitu anachokigonga. Nikasema nisiongee na mtu anayejiua. Nikaapa. Siku watakapomleta nisiwe nimemzoea tena."

 Ndipo Somoe akazungumza, polepole, kama anayemwendea ndege aliyetua.

"Mjomba, kule hakuna viboko."

"Mto gani hauna kiboko?"

"Si mto. Ni bwawa. Wamechimba, wakajaza maji, wakapanga maboya. Unapita kati ya maboya yako mpaka mwisho."

Mzee akaniangalia mimi. "Bwawa?"

"Bwawa," nikasema, ingawa hata mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

"Olimpiki ni bwawa!" Akafunika uso kwa viganja. Sikujua kama anacheka ama analia, na nadhani hata yeye hakujua. "Miaka minane, Shemeji. Miaka minane nimeogopa bwawa!"

Shomari alitoka uani mbio, akaenda kucheka nyuma ya gari.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee alipofunua uso, alikuwa bado na kitu. Akasimama, akachukua kofia yake. "Maneno ni maneno," akasema. "Nataka kuona." Akatoka bila kusema anamwambia nani.

Mtoni

Ilikuwa baada ya alasiri. Ruvuma ulikuwa umeanza kupungua, umeacha michanga mirefu, na mkono mmoja wa mto ulitutenga na mashamba ambako watu walikuwa wakivuna. Somoe aliutazama mtumbwi wa mjomba, akazunguka, akaomba kamba. Alichukua ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi kwenye maji mafupi, akaulaza kukingama katikati ya mtumbwi, akaufunga. Kila mwisho akatengeneza kitanzi, akapitisha kafi refu. Makafi mawili yakawa makasia mawili. Mzee alisimama akitazama vidole vyake. Fundo moja lilipolegea, alishika ncha ya kamba akaikaza yeye mwenyewe.

"Nani anakaa wapi?" nikauliza, maana niliambiwa na mimi napanda.

Nilikalishwa sakafuni kwenye kichwa cha mtumbwi, nyuma ya mgongo wa Somoe. Yeye alikaa katikati, ameupa mgongo upande tunaokwenda. Mjomba alikaa tezini, nyuma kabisa, uso mbele. Kwa hiyo watu hao wawili, ambao hawakutazamana kwa miaka minane, walikaa magoti yakikaribia kugusana, na hapakuwa na pengine pa kutazama.

Somoe alivuta mara moja. Wallahi, niliona ukingo unaondoka. Mtumbwi ule wa watu na magunia ulikwenda kama umesukumwa na mkono kutoka chini. Nilisoma kila dua niliyoijua.

Mzee alishika ubao. Macho yake yalipita juu ya bega la Somoe na juu ya kilemba changu, yakakagua maji mbele, kulia, kushoto, kama yalivyofanya miaka arubaini.

"Kushoto," akasema.

Somoe akavuta kushoto.

"Si hivyo. Kushoto kwangu."

"Kushoto kwako ni kulia kwangu, Mjomba."

"Basi sikiliza mkono wangu." Akainua mkono wa kushoto. Somoe akautazama mkono ule, akavuta, mtumbwi ukajipinda vizuri, ukakwepa kisiki ambacho mimi ndiye niliyekiona kikipita karibu na kiwiko changu. "Hapo. Nenda. Nenda. Usiniangalie kwa woga, vuta!"

Nilikuwa nyuma ya mgongo wake, nikaona mabega yake yanatetemeka, na hakupunguza.

"Kule bwawani," mzee akauliza, "nani alikuwa anakutazamia mbele?"

"Sikuwa na mtu, Mjomba."

Akatikisa kichwa, akakagua maji tena.

Upande wa pili akina mama waliokuwa wakivuna walisimama na mafungu ya mpunga mikononi. Mmoja, mwenye sauti ya kusikika hadi Msumbiji, akapaza:

"Athumani! Leo umevushwa? Huyo nani anayekuja kinyumenyume?"

"Mpwa wangu!" mzee akajibu kwa sauti ambayo sikujua kuwa bado anayo. "Yeye anavuta, mimi namwonea!"

"Unamleta huku kufanya nini?"

"Nawaletea habari! Mwezi ujao mpunga ukishaingia ndani, napokea wageni wa posa kutoka Lindi. Kwangu! Kila mtu aje na mchele wake, asiseme hakuambiwa!"

Vigelegele vilipanda upande ule wote wa mto. Somoe hakuweza kuwaona, walikuwa nyuma yake. Alikuwa anamwona mjomba wake tu. Aliachia makasia, akaweka mikono mapajani, na mtumbwi ukaenda wenyewe mpaka ukagusa mchanga.